Mshale wa Joto

Kwa miaka mitatu mshale wa joto wa Noah yetu haukuwahi kufika katikati. Ulilala chini, nasi tukaufurahia. Abiria wa Utete akiuliza kama gari ni zima, nilimwonyesha mshale.

Mjomba ndiye aliyeulaza. Mwaka 2019 gari lilichemsha mara mbili tukivuka Daraja la Mkapa kurudi Nyamwage. Akafungua mahali mpira wa maji unapoingia kwenye injini, akatoa kifaa kidogo cha chuma, akakitia kwenye kopo la spea chakavu.

"Themostati hii ni ya Wajapani, wao wana barafu. Rufiji kuna baridi gani?"

Gari halikuchemsha tena, nami sikuwa na la kusema. Mjomba alijifunza ufundi Ndundu, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, malori ya Lindi na Mtwara yalipokuwa yakipanga foleni kungoja pantoni. Yalifika yametoka kwenye matope, rejeta zikitokota. Adui aliyemjua ni joto.

Kikaja kipupwe cha 2022. Alfajiri injini ilizungushwa sana ndipo iwake, na ikiwaka inakohoa, moshi mweusi nyuma. Petroli ya siku mbili haikumaliza siku ya pili. Nikabadilisha plagi, gari likatulia wiki mbili, likarudia. Nikabadilisha tena. Nikanunua koili kwa pesa niliyoiweka kwa sare za shule za mwanangu. Kila plagi niliyoitoa ilikuwa na masizi makavu, meusi tii.

Usiku mmoja wa Julai, saa kumi, jirani aligonga mlango. Mkewe ameshikwa na uchungu. Nilizungusha ufunguo mara saba. Kwenda Utete ni kilomita 30 na ushee, na njia nzima gari lilisita kila nilipokanyaga mafuta. Yule mama nyuma alikuwa kimya, na ukimya ule ulinitisha kuliko kilio.

Wauguzi walipompokea, nilifungua boneti kwa kukosa la kufanya. Nikashika mpira wa juu wa rejeta. Baada ya safari ile ulipaswa kuniunguza. Nikaushika, nikaendelea kuushika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kama nyuzi 82 hivi. Bila hiyo, maji yanapozwa muda wote. Sensa inaiambia kompyuta ya gari kwamba injini bado baridi, kompyuta inaongeza petroli, na isiyoungua inaishia kuwa masizi kwenye plagi. Jua la Rufiji lilikuwa likituficha, kipupwe kikatuumbua.

Mtoto alizaliwa salama saa moja asubuhi.

Niliagiza themostati mpya kutoka Kariakoo. Kabla ya kuifunga nilitoa rejeta nikaisafisha, maana iliyochemsha gari mwanzo ni rejeta iliyoziba, na ningeiacha vile tungechemsha tena. Kisha nikaiweka themostati kwenye sufuria ya maji, jikoni kwa mkaa, nione kama inafunguka.

Mjomba akaja na fimbo yake. Macho yamepungua nguvu siku hizi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Unapika nini?"

Nilitamani kusema mayai. "Themostati."

Akavuta kigoda, akainama juu ya mvuke. Maji yalikuwa hayajatokota bado chuma kilipoanza kusogea polepole, kikaacha upenyo.

"Kumbe inafunguka yenyewe," akasema. Akanyamaza kitambo. "Ile rejeta nilijua imeziba, mjomba. Kuisafisha ilikuwa kazi ya siku mbili, na gari ndilo lililokuwa likitulisha. Nikasema nitairudisha baadaye."

"Ulitulisha," nikamwambia.

"Nikasahau."

Kesho yake alfajiri alikaa kiti cha mbele. Ukungu wa mto ulikuwa bado barabarani. Gari liliwaka mara ya kwanza. Tulipoliacha soko nyuma, aliegemea mbele, akasogeza uso karibu na dashibodi, mkono wake ukanishika paja.

"Mshale unapanda."

"Uache upande, mjomba."

Hakuuondoa mkono mpaka mshale uliposimama katikati.