Baridi ya Julai na Peugeot ya Baba

Sisi watu wa pwani tukipanda Nairobi mwezi wa Julai hujitwika masweta na mablanketi, tukasahau kwamba gari nalo husikia baridi. Usiku ule tulisafiri kilomita 480 kutoka Mombasa, taa zikiwaka njia nzima, ndani ya Peugeot 504 ya baba, aina ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975. Tulikuwa tumeitiwa msiba. Shangazi yetu alikuwa amefariki huko Ngara, na sisi wanawake watatu ndio tuliotakiwa kumwosha; sanda, kafuri na marashi vilikuwa ndani ya buti. Swala ya jeneza ilipangwa baada ya Adhuhuri, Msikiti wa Jamia.

Tulilala saa chache Kangemi kwa jamaa. Saa tatu asubuhi baba akazungusha ufunguo: ta! Kisha kimya.

Mzee jirani, aliyewahi kuendesha matatu, akamzuia asiendelee. Akamwambia awashe taa kubwa, kisha ajaribu tena huku sisi tukizitazama. Zikafifia kama mshumaa.

"Huo ni umeme, wanangu, si petroli."

Lau taa zingebaki kali, angeshuku stata. Lau stata ingezunguka bila injini kushika, angetazama petroli na plagi. Kipimo hicho hakigharimu hata senti, nasi tumelipanda gari hilo miaka mingi bila kukijua.

Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe na wa kijani. Mzee alifungua waya hasi kwanza, akavimwagia maji ya moto, akavikwangua kwa msasa, akakaza. Bado stata ikagoma, na saa nne ilikwisha pita.

Pakabaki kusukuma. Baba akafungua swichi, akatia gia ya pili, akakanyaga klachi. Sisi na vijana wa bodaboda tukasukuma mteremkoni, mabuibui tumeyafunga viunoni. Mbio zilipokolea akaachia klachi ghafla. Injini ikakohoa, ikashika.

Waiyaki Way, Westlands, chini ya barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, hadi Museum Hill, hakuna aliyesema neno. Kila foleni tuliisikiliza injini. Tuliwahi. Tulimwosha shangazi kwa utulivu, gari likinguruma nje na baba ameketi ndani yake, asithubutu kulizima.

Baada ya maziko Kariokor, fundi wa Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, aliubonyeza mkanda wa altaneta kwa kidole gumba. Ulikuwa umelegea. Usiku kucha taa zilikuwa zikila betri isiyochajiwa, na baridi ya mita 1,700 juu ya bahari ikaimalizia. Aliukaza mkanda, akapima: volti 14. Hakutuuzia betri mpya, ingawa pesa tulikuwa tumekwisha zitoa mkobani.