Mtoto Asiwe Mkalimani Wako

Köln, Machi 2026

Mwanangu mpenzi,

Mama yako amenieleza kwamba mkataba wa kazi wa Düsseldorf umeshatiwa saini na kwamba Julai mtahama Milton Keynes. Ameniomba nikuandikie, maana maneno ya simu husahaulika, nami nimekubali kwa moyo wote. Miaka niliyokaa nchi hii sasa ni mingi kuliko ile ya Mombasa na ya Uingereza, na yako mambo nataka uyajue kabla hujafunga sanduku la kwanza.

Nianze na lililo zito kuliko yote. Wanao watakishika Kijerumani kabla yako. Haitapita miaka miwili, yule mkubwa atakuwa anabishana na wenzake uwanjani kama aliyezaliwa kando ya mto Rhein. Hapo ndipo kishawishi kitakapoingia: barua ya bima imefika, mtoto aisome, daktari ameuliza, mtoto ajibu, mwalimu ana neno, mtoto amweleze mama. Nakuomba usiuache mlango huo wazi hata siku moja. Nimewaona Waingereza wenzetu, wa Leeds na wa Glasgow na wa kwetu pwani, ambao watoto wao wa miaka tisa walijua ugonjwa wa mama kabla baba hajaambiwa. Mtoto anayekufasiria maneno ya mwalimu wake ndiye anayeamua yapi yakufikie na yapi yabaki njiani. Tena hubeba hofu isiyo ya umri wake. Na mzazi aliyezoea kusemewa na mwanawe hupata tabu sana kumkanya anapofika miaka kumi na mitatu.

Kwa hiyo anza kusoma wewe, na uanze wiki ile ile mtakayofika. Kila mji hapa una Volkshochschule, shule ya watu wazima, yenye madarasa ya asubuhi na ya jioni. Iko pia kozi ya serikali ya kuwaingiza wageni katika maisha ya nchi: vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria, historia na desturi. Kusudia kufika daraja la B1, maana milango mingi hufunguka hapo. Mumeo anakuja kwa kadi ya buluu ya Umoja wa Ulaya. Akiwa na B1 ataweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21, na bila hiyo atangoja 27. Uraia nao huombwa baada ya miaka mitano, kwa B1 na mtihani wa maswali 33 ambao anayejibu 17 sawasawa amefaulu. Na tangu 27 Juni 2024 hamlazimiki kuiacha pasipoti ya Uingereza ili kupata ya Ujerumani. Haya hayakutuhusu zamani. Sisi tulikuja kwa haki ya Jumuiya ya Ulaya, na tuliokuwa tayari hapa kabla ya mwisho wa 2020 tumelindwa na mkataba wa kujitoa. Nyinyi mnaingia kama mtu yeyote wa nchi ya nje, na kibali chenu lazima kishughulikiwe kwa wakati.

Nilipokuja na baba yako mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Rheindahlen, Mönchengladbach, kulikuwa bado na makao makuu ya jeshi la Uingereza. Ulikuwa mji kamili: shule, kanisa, sinema, duka la vyakula vya kwao, redio yao, barabara zenye majina ya Kiingereza. Mama wa familia aliweza kumaliza miaka mitatu pale akanunua mkate, akajifungua na kusomesha bila kuhitaji sentensi moja ya Kijerumani. Siwalaumu, maana mwanajeshi huhamishwa bila kuulizwa. Mji ule ulifungwa mwaka 2013. Lakini wako raia wa kawaida wanaojijengea Rheindahlen ya nyumbani: marafiki Waingereza watupu, televisheni ya Uingereza, daktari anayejua Kiingereza, na mazungumzo ya kila jioni kwamba hapa watu ni baridi. Miaka kumi inapita hawamjui jirani wa mlango wa pili. Kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ujerumani jembe hukabidhiwa siku ya kwanza, na anayelipokea hupata majirani wa kutegemewa mno. Mkifika, nendeni nyote mkagonge milango ya jengo lenu na kujitambulisha kwa jina la ukoo. Hapa anayehamia ndiye anayewaendea wenyeji. Jirani huyo ndiye atakayepokea vifurushi vyenu na kumwagilia maua yenu mkienda likizo.

Ya ofisini niyapitie upesi. Ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, mjiandikishe ofisi ya manispaa. Wao huita Anmeldung, na bila hiyo akaunti ya benki, namba ya kodi na hata shule hukwama. Mwenye nyumba lazima awape karatasi ya kuthibitisha kwamba mmehamia. Wakiuliza dini, jibuni ukweli. Kodi ya kanisa hailipwi na Waislamu. Baadaye itakuja barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata isiyo na televisheni. Msiitupe mkidhani ni tangazo. Ombeni Kindergeld mapema: ni euro 259 kwa kila mtoto kwa mwezi tangu Januari hii. Leseni zenu za Uingereza zinabadilishwa bila mtihani, lakini mkizipuuza zaidi ya miezi sita hamruhusiwi kuendesha gari kwazo. Na mnapotafuta nyumba, ulizeni kama ina jiko, maana nyumba nyingi hukodishwa zikiwa na mabomba tu ukutani, na mpangaji huleta makabati na jiko lake.

Sasa nije kwa watoto, ambako najua moyo wako uko.

Mkubwa ametimiza miaka mitano Novemba. Huko Uingereza ameshavaa sare na anasoma vitabu vidogo, na mama yako amenitumia video yake akisoma. Huku, katika jimbo letu la Nordrhein-Westfalen, shule huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka sita kabla ya 30 Septemba au siku hiyo. Yeye atatimiza Novemba. Maana yake ataingia darasa la kwanza mwaka 2027, na hadi hapo atarudi Kita, yaani chekechea, kucheza. Jambo hili huwaliza wazazi wengi wanaotoka Uingereza. Huona mtoto amerudishwa nyuma, humtafutia mwalimu wa jioni, humkalisha mezani na daftari. Ninakusihi usimfanyie hivyo. Kita ya Kijerumani itamfundisha kupanda mti na kushuka, kukata kwa kisu halisi, kuvaa suruali ya mvua mwenyewe na kutoka nje mvua ikinyesha, kugombana na kupatana bila mtu mzima kuamua. Na atapata mwaka mzima wa lugha kabla hajaanza kupewa alama. Mtoto aliyeingizwa shule moja kwa moja bila lugha huhesabiwa mzito wa akili na hali hajaelewa swali tu. Kusoma kwake Kiingereza hakutapotea: msomeeni kitandani kila usiku.

Ana haki ya nafasi ya Kita kwa sheria, na mdogo pia, kwa sababu tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja anayo. Ila haki na nafasi si kitu kimoja, na nafasi ni chache. Mwandikishe leo kwenye mtandao wa manispaa ya Düsseldorf, taja Kita kadhaa, kisha ziandikie moja moja. Miaka miwili ya mwisho kabla ya shule hailipiwi katika jimbo hili, isipokuwa chakula. Waambie mapema kwamba hamli nguruwe, na uwaeleze kuhusu peremende za jelatini. Huandika na kufuata.

Kisha litakuja jambo ambalo Uingereza halina nguvu hivi: siku za kumzoesha mtoto. Mzazi hukaa naye darasani, siku za mwanzo saa moja, kisha hutoka kidogo, kisha zaidi, na shughuli hii inaweza kuchukua wiki tatu au nne. Usimpe mumeo kazi hii, na usiione hasara ya muda. Kaa kwenye kile kiti kidogo usikilize. Kijerumani cha kwanza utakachokielewa kitakuwa cha walimu wakiwaambia watoto wanawe mikono, wavue viatu, wasubiri zamu. Ni lugha fupi, ya amri na upole, inayorudiwa kila siku, na hakuna darasa litakalokupa hiyo. Wazazi utakaokutana nao pale kwenye kabati la viatu ndio watakaokuwa rafiki zako.

Shule itakapoanza, mtoto atapewa Schultüte, koni kubwa ya karatasi iliyojaa kalamu na zawadi. Itengeneze kwa mkono wako, na muwepo nyote siku hiyo, hata babu na bibi wakiweza. Masomo huisha mchana. Kuanzia Agosti mwaka huu wanaoanza darasa la kwanza wana haki ya kulelewa shuleni siku nzima, kwa hiyo utaweza kufanya kazi. Alama bora ni 1 na mbaya ni 6. Mahudhurio si mchezo: kumtoa mtoto siku mbili kabla ya likizo ili tiketi iwe rahisi ni kosa lenye faini, na kumsomesha nyumbani hakuruhusiwi. Lakini kwa Idi unaweza kumwombea ruhusa, nao hutoa. Novemba kuna maandamano ya taa ya Mtakatifu Martin, watoto wakitembea gizani na taa walizotengeneza wenyewe. Mimi niliwaacha wangu wakaenda, na sikuona imani yao ikipungua. Amueni nyinyi wawili, ila muamue kabla ya siku yenyewe, mtoto asisimame mlangoni na taa mkononi huku mkibishana.

Ya nyumbani. Asubuhi fungua madirisha yote kwa dakika tano hadi kumi, hata kukiwa na theluji, kisha ufunge. Usipofanya hivyo ukuta huota ukungu na mwenye nyumba atakudai. Takataka zina mapipa yake: la njano vifungashio, la buluu karatasi, la kahawia maganda ya vyakula, na lililobaki mabaki. Chupa za glasi hupelekwa kwenye makontena ya mtaani kwa rangi zake, na kamwe si Jumapili. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji zina amana ya senti 25. Wape watoto kazi ya kuzirudisha dukani na fedha iwe yao. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Jumapili maduka yamefungwa, na katiba yenyewe inailinda siku hiyo. Nunua kila kitu Jumamosi. Utaudhika mwezi wa kwanza. Halafu utakuta mumeo yuko nyumbani, simu ya kazi imenyamaza, hakuna pa kwenda kununua, na mko msituni nyote wanne na chupa ya chai ya tangawizi.

Kuhusu afya, mkijiunga na bima ya umma, watoto wanaingia ndani yake bila malipo ya ziada, na wewe pia mpaka utakapopata mshahara wako. Unajichagulia daktari wa watoto, lakini wengi hawapokei wapya, basi tafuta mapema. Kila mtoto ana daftari la njano la uchunguzi wa vipindi. Lipeleke kila mara. Cheti cha chanjo ya surua ni sharti la Kita na shule tangu Machi 2020. Usiku, kwa jambo lisilo la dharura, piga 116117. La dharura ni 112. Daktari atakupa dawa chache kuliko ulivyozoea na atasema mtoto alale. Mwamini, na kama huelewi, mwombe aseme polepole. Yeye atasubiri.

Kiswahili, mwanangu. Kiingereza hakitawapotea wanao, maana baba yao anakisema, shule itakifundisha na dunia nzima inakisukuma. Kiswahili hakina mwingine hapo nyumbani ila wewe. Zungumza nao wewe, kila siku, hata wakikujibu kwa Kijerumani mbele ya wenzao. Usibadilishe lugha kwa aibu kwenye tramu.

Na hili la uraia mlijue, kwa sababu wengi hulisikia wameshachelewa. Wewe na watoto hawa wawili mmezaliwa Uingereza. Mungu akiwajalia wa tatu Düsseldorf, atakuwa Mwingereza kwa kurithi, na watoto wake yeye wakizaliwa nje ya Uingereza hawataupata uraia huo moja kwa moja. Ndiyo sababu nyingine ya kutouchezea ukaazi wenu wa hapa: mzazi mwenye miaka mitano ya kisheria na kibali cha kudumu, mtoto wake anayezaliwa hapa huwa Mjerumani.

Mama yako anaweza kuja kwa siku 90 katika kila siku 180, si zaidi. Mwambie asibebe nyama wala jibini, vitachukuliwa forodhani, na vifurushi vya zawadi vinavyozidi thamani ya euro 45 hutozwa ushuru. Majani ya chai alete.

Beba mkononi, si kwenye lori la mizigo: vyeti asilia vya kuzaliwa vyenu nyote, cheti cha ndoa, barua za shule, mikataba ya kazi, na vile vitabu vyekundu vya chanjo vya watoto. Nitakutafutia mfasiri aliyeapishwa. Niandikie tarehe ya kuhamia mara tu mtakapoipata, ili nishike miadi ya manispaa mapema. Nitakuja kwa treni asubuhi hiyo, nitakaa na mdogo, nawe utaingia ndani na kujibu maswali mwenyewe.

Wako akupendaye,
Mama yako mkubwa