Sehemu ya 4: Bahari yetu ya plaiwudi

 Niliahidi leo tuendelee na chanjo. Chanjo itasubiri kidogo. Leo nawasimulia jambo la nyumbani kwangu ambalo nimelibeba tangu mwezi wa tisa. Naomba usome mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Mnajua sisi watu wa Karatu bahari tunaisikia tu. Sasa mwaka jana mkubwa wetu alienda Dar kwa mjomba wake, wakampeleka kisiwa cha Mbudya. Akavalishwa miwani ya kuzamia, akaona matumbawe na samaki wa kila rangi. Akarudi na wimbo mmoja: "Baba, tujenge bahari hapa nyumbani." Baba yao ni seremala. Ukimwambia seremala kitu hakiwezekani, umemchokoza.

Alipoanza kuulizia, ndipo tukajifunza. Kumbe tumbawe si jiwe, ni mnyama. Linataka maji yenye chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, mwanga mwingi, na joto lisiloshuka wala kupanda sana. Huku kwetu juu, usiku wa mwezi wa saba hata mtu mzima anatafuta blanketi la pili. Na umeme ukikatika? Tena matumbawe hayang'olewi baharini hovyo, ni nyumba ya samaki. Basi tukakubaliana na mtoto: tangi tutajenga, mwamba tutaupanga kwa mawe ya huku huku, na samaki watakuwa perege wa maji baridi. Alinuna siku mbili, akakubali.

Tangi lilikuwa la plaiwudi ya milimita 18, urefu mita 2.4, upana sentimita 60, kimo sentimita 60. Hesabu mwenyewe: zaidi ya lita 800. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ni kama magunia nane ya mahindi yamekaa barazani kwako. Ndiyo maana hakuliweka juu ya meza. Alilikalisha kwenye matofali, chini chini. Akalizungushia fremu ya mbao mbili kwa nne, maana maji husukuma kuta, na chini husukuma zaidi. Kona akazipaka gundi ngumu juu ya kitambaa cha faiba, ndani koti tatu za rangi ya kuzuia maji. Kioo alikibandika kwa ndani na silikoni, ili maji yenyewe yakikandamize kwenye fremu. Jamani, nilijivunia mume wangu.

Kisha tukajaza kujaribu. Madumu 40 ya lita 20, ya kununua. Siku saba tukikagua kila kona kwa tochi. Halikudondosha hata tone. Siku ya nane lilitakiwa kumwagwa ili tupange mawe. Lakini nani anamwaga madumu 40 ya maji Karatu mwezi wa tisa? Tukasema yakae.

Jumamosi nilitoka zamu ya usiku, nikalala. Baba alikuwa karakana, mkubwa yuko jikoni anaosha vyombo. Mdogo wetu, miaka miwili na miezi mitatu, alikuwa anacheza barazani na kigoda chake.

Kilichoniamsha ni kimya. Mama yeyote anakijua kile kimya. Nilitoka nikaona kigoda pembeni ya tangi, na miguu miwili juu.

Hakupiga kelele. Hakurusha maji. Mtoto akizama hawezi kuita, maana pumzi ya kuitia ndiyo hana. Nilimtoa, midomo ya bluu, hapumui. Jirani akaja mbio akisema mshike miguu, mning'inize, maji yatoke. Nikamwambia hapana, mama, niachie. Nikampa pumzi. Ya nne akakohoa, akatapika, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Tukapanda bajaji mpaka hospitali, akalazwa saa 24 chini ya uangalizi. Yuko salama.

Sasa ninachotaka kukuambia. Jumatano ya wiki hiyohiyo nilikuwa nimesimama kliniki nikifundisha akina mama kufunika ndoo. Mimi. Siku saba tulipima maji yasitoke, hatukupima hata siku moja mtoto asiingie.

Kwa hiyo shika haya:

Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache tu. Ndoo, beseni, pipa la mvua, kisima, shimo la umwagiliaji. Kichwa chake ni kizito, akitangulia nacho hawezi kujinyanyua.

Usimning'inize, usimkandamize tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu. Kama hapumui, mpe pumzi 5, kifua kiinuke kila mara. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha theluthi moja ya kifua, kisha pumzi 2, uendelee hivyo hivyo. Mwingine atafute usafiri. Hata akizinduka, mpeleke hospitali, shida ya mapafu inaweza kuja saa kadhaa baadaye.

Na chombo cha maji hakijaisha kujengwa mpaka kiwe na mfuniko unaofungwa. "Namwangalia" siyo mfuniko. Hata mimi nilikuwa nyumbani.

Usiku ule mkubwa wetu aliniuliza, "Mama, ni kosa langu kwa sababu mimi ndiye niliomba bahari?" Nilimshika nikamwambia, mwanangu, kuomba ni kazi ya watoto, kufunika ni kazi ya wakubwa. Tuliacha kazi yetu.

Maji tulimwagilia mboga. Tangi likakaa tupu miezi miwili, sikuweza kulitazama. Leo lina mawe, perege kumi, na mfuniko wa fremu na wavu mgumu, komeo na kufuli. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari ambao hata mimi naufikia kwa kunyoosha mkono.

Kabla hujalala leo, mama yangu, nenda uani. Kuna ndoo gani ina maji?

Sehemu ya 5, chanjo. Nimeahidi.