Kwenda Paje na watoto: upepo na mwezi kwanza, tiketi baadaye

Familia inayoishi Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, iko karibu na bahari kuliko inavyodhani. Kutoka kwenye mnara wa Mwenge wa Uhuru hadi geti la boti za Zanzibar, barabara ya Sokoine, ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Hata hivyo, watoto wengi wa ghorofa za Mnazi Mmoja na Kariakoo wanakua wakiijua bahari kwa macho tu. Wanaiona wakipita Kivukoni, lakini hawajui kuogelea, wala hawajui maji hupwa saa ngapi.

Ndiyo maana safari ya kwanza ya ufukweni huanza vibaya nyumbani, kabla mtu hajapanda boti. Wazazi hutazama mambo mawili, likizo ya shule na pesa iliyopo. Upepo na mwezi, vitu viwili ambavyo kila mvuvi hutazama kwanza, havimo kwenye hesabu.

Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ni mfano mzuri. Kijiji hiki cha wavuvi na wakulima wa mwani sasa kinajulikana duniani kwa mchezo wa kuteleza juu ya maji huku mtu akivutwa na tiara kubwa. Njiani kutoka mjini kuna msitu wa Jozani. Kwa hiyo safari moja inampa mtoto msitu, kima, mikoko, mchanga mweupe na mawimbi. Ila kila kimoja kina saa yake.

Likizo ipi?

Likizo ndefu za shule ni mbili, ya Juni na ya Desemba. Juni ni msimu wa kusi. Upepo unaoinua tiara za Paje ndio huohuo unaochafua mkondo kati ya Dar es Salaam na Unguja. Mtoto atafurahia kutazama tiara, lakini njiani huenda akatapika.

Hatari yenyewe si hadithi. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, meli ya MV Skagit iliyokuwa imetoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu wengi wakapoteza maisha, watoto wakiwamo.

Hii haina maana kwamba Juni watu wabaki nyumbani. Maana yake ni kwamba mzazi afuatilie taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania siku chache kabla ya safari. Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa ikitolewa, asogeze tarehe. Achague boti ya asubuhi, kabla upepo haujapanda. Watoto wale chakula chepesi na wakae katikati ya boti, sehemu ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Wakishakaa tu, aulize maboya ya kujiokoa yako wapi na kama yapo ya saizi ya mtoto.

Desemba upepo ni wa kaskazi na joto ni kali. Mara nyingi bahari huwa tulivu zaidi, lakini mvua za vuli huenda zikawa hazijaisha, na bei za vyumba hupanda kuelekea mwaka mpya. Anayeweza kwenda mapema, shule zinapofunga tu, hupata nafuu.

Mwezi na maji

Paje ina ufukwe mpana, na mbali baharini kuna mwamba. Mawimbi makubwa huvunjikia huko, ndiyo maana maji ya ndani huwa shwari. Lakini maji hayo huondoka. Siku za bamvua bahari hupwa mbali sana, na mgeni aliyetegemea kuogelea hukuta uwanja wa mchanga, majani na madimbwi.

Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana msaada tayari. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani kuzunguka tarehe 1 na 15 na siku mbili tatu zinazofuata. Maji mafu huja karibu na tarehe 8 na 22, na siku hizo bahari haipwi mbali wala haijai sana.

Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ikifika siku ya maji mafu mambo yamegeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa alasiri.

Kwa watoto wasiojua kuogelea, siku za maji mafu ndizo nafuu. Familia ikijikuta Paje wakati wa bamvua, bado ina mpango mzuri: asubuhi bahari ikiwa imepwa iende msituni, kisha irudi kuogelea alasiri maji yakijaa.

La kuogopa ni kumwachia mtoto afuate maji yanayopwa. Huko mbali kuna vidimbwi vyenye samaki wadogo na viti vya pweza, na mtoto husahau saa. Maji yakirudi hayaji kwa mbele peke yake. Hupitia pia kwenye mikondo iliyo nyuma yake, na njia aliyopita akiwa mkavu hujaa. Asiende bila mtu mzima, na bora mwenyeji wa kijiji, na wageuke kurudi mara tu maji yanapoanza kuingia.

Miguuni avae yeboyebo, zile za plastiki zinazouzwa Kariakoo, kwa sababu ya miiba ya viumbe vya baharini na mawe makali. Akae mbali na sehemu tiara zinapotua, maana kamba zake hukaza ghafla. Tena asikanyage kamba za mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 na ni kazi ya akina mama wa vijiji hivyo. Kamba iliyokatika ni ada ya shule ya mtoto wa mwingine.

Jozani njiani

Boti za mwendo kasi huchukua kama saa mbili. Wakishuka, watoto watacheka kusikia kwamba Zanzibar nako kuna Mnazi Mmoja, penye hospitali na uwanja. Kutoka mjini, daladala za Bwejuu na Jambiani hupita Jozani na kufika Paje. Wakiwa wengi na mizigo, kukodi gari ndogo hupunguza adha.

Jozani na Ghuba ya Chwaka vilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Eneo lake ni kilomita za mraba 50 hivi. Hapo wanaishi kima punju, wenye mgongo mwekundu, ambao duniani kote hawana kwao kwingine ila Zanzibar. Hula hata makaa ya kuni, na watafiti wanaona makaa hayo huwasaidia kuhimili sumu iliyo kwenye majani ya miembe na mikungu. Swali la "mbona wanakula mkaa?" litaulizwa, na mzazi awe na jibu. Wasiguswe wala kulishwa, maana magonjwa huhama kati ya binadamu na kima pande zote mbili. Upande wa Pete kuna njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko.

Kiingilio cha Watanzania ni nafuu kuliko cha wageni, hivyo vitambulisho visisahaulike, pamoja na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Pesa ya siku moja zaidi

Bajeti nyingi huhesabu tiketi, chumba, chakula na nauli, zikaishia hapo. Iongezwe pesa ya kulala na kula siku moja ya ziada. Mwenye pesa hiyo, bahari ikichafuka siku ya kurudi, atasubiri. Asiyekuwa nayo atalazimika kuvuka na watoto siku ambayo moyo wake unakataa.

Na kama pesa haitoshi kwa hesabu hiyo, Paje ingoje likizo ijayo. Kwa sasa kuna kivuko cha Magogoni na fukwe za Kigamboni ng'ambo yake, ambako mtoto anaweza kuanza kufundishwa kuelea kwenye maji ya magotini, mkono wa mzazi ukiwa chini ya mgongo wake.