Picha zetu zinakaa Tena

Kwa miaka mingi nikiishi mtaa wa Tena, kila kitu cha familia yangu kilikuwa kwenye simu: picha za watoto, vyeti, sauti ya mama akituombea. Sikujua vinahifadhiwa wapi wala kwa masharti gani. Nilibonyeza kukubali, nikaendelea na shughuli zangu.

Simu ikanyakuliwa nikishuka matatu. Laini niliirudisha, lakini akaunti ilikataa kufunguka. Nywila nilikuwa nimeisahau, na barua pepe ya kujitambulisha ilikuwa ya kazi niliyokwisha kuiacha. Mama alikuwa ameshazikwa.

Jirani yangu, kijana fundi wa kompyuta, alisikia habari hizo. Hakunilaumu. Aliniletea laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, akasema hiyo inatosha kuwa seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia mafaili ya nyumba nzima. Mimi nilidhani seva ni mali ya mabenki. Akaniwekea Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka wa 1993 na ambao hadi leo unatunzwa na watu wanaojitolea. Pesa alikataa. Mengine alitaka nijifunze.

Nilihangaika. Kila nikiifunika laptopu, inalala, na simu zote nyumbani haziioni tena. Nilikesha usiku hadi nikaupata mstari mmoja kwenye faili la logind.conf, HandleLidSwitch, nikaandika ignore mbele yake. Nikafunika. Taa ikabaki inawaka, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilipoweka Nextcloud, programu ya kuhifadhi mafaili kwenye seva yako mwenyewe, faili la kwanza kuingia lilikuwa sauti ya mama: dada yangu alikuwa bado na maombi mafupi aliyotumiwa na mama kwenye WhatsApp. Sikuwa nimefanya lolote la kustahili hilo.

Kuifikia seva nikiwa mjini kulinishinda kwa muda mrefu, kwa sababu kampuni yangu ya intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya kugawana, na anayebisha kutoka nje hajui mlango ni upi. Nilikodi seva ndogo ya nje, nikaiunganisha na ile ya nyumbani kwa WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya faragha kati ya mashine.

Stima nayo! Ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, betri ile iliyochoka ilishikilia kidogo, na kwa kuwa nilikuwa nimeiagiza seva ijizime betri ikikaribia kwisha, hakuna faili lililoharibika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa ya kubahatisha. Watoto wangu waliendelea kusoma Wikipedia ya Kiswahili niliyoihifadhi kwenye seva kwa Kiwix, programu ya kusomea kurasa kama hizo bila intaneti. Niliwatazama nikiwawazia walioandika programu hizi, watu nisiowajua, ambao hawajawahi kunidai shilingi.

Kazi haiishi. Kila Jumamosi nasasisha programu, kisha nanakili kila kitu kwenye diski ya nje na kuipeleka kwa dada yangu Donholm, maana bila nakala hiyo, diski ya seva ikifa leo, picha zinakufa nayo. Kabla ya kuipeleka nafungua mafaili machache kutoka kwenye ile nakala, nione kama kweli yanafunguka.

Ndugu msomaji, kama picha zako ziko pale zangu zilipokuwa, anza na mashine yoyote inayowaka. Mama mmoja wa ploti yetu anataka kuhifadhi rekodi za chama chao. Nimempatia laptopu yenye kibodi mbovu, na Jumamosi tunaiwekea Debian.