Maua ya Mama

Siku Mama alipopanda meli kwenda hospitali ya Kalemie, alifungua fundo la kitambaa akanipa mbegu. Zilikuwa nyembamba, zenye umbo la ncha ya mkuki.

«Mwanangu, panda hizi mlangoni. Nikirudi niyakute maua yangu.»

Nilibaki Moba pamoja na Mjomba. Nilikuwa na miaka 9.

Maua yale huitwa zinia. Asili yake ni Meksiko, na jina lake latoka kwa mwalimu mmoja Mjerumani, Johann Gottfried Zinn, aliyekufa mwaka 1759. Mama hakuyajua hayo. Yeye aliyaita maua ya mlangoni tu.

Nilidhani mbegu ikiingia chini sana, mmea utasimama imara. Basi nilitoboa mashimo marefu kama kidole changu, nikamwaga maji asubuhi, mchana na jioni. Siku 10 zikapita bila kitu. Nikafukua: mbegu zilikuwa zimeoza. Nililia sana. Katika fundo zilibaki 11 tu.

Mjomba hakunigombeza. Alilainisha udongo, akapanga mbegu, akazinyunyizia udongo juu kidogo tu, kama mtu atiavyo chumvi katika mboga. Siku ya tano zilichipua 7. Kuku akachakura 2. (Kuku ni adui wa bustani kuliko jua!) Nikazungushia miiba ile 5 iliyobaki. Mvua zilipokwisha nilichota maji ziwani, nikayamwaga shinani, maana majani ya zinia yakilowa mara kwa mara hushikwa na ugonjwa.

Baada ya miezi miwili likachanua ua moja, jekundu. Juma lile lile Mjomba akasema: «Jumamosi ninakwenda kumwona mama yako. Kata ua lile nimpelekee.»

Nilikataa. Ua moja tu! Likikatwa, Mama atakuta nini mlangoni? Na mbegu zitatoka wapi? Je, wewe ungefanya nini?

Mjomba alishika bua chini ya ua, akalitikisa. Likalegea kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

«Bado. Likikatwa leo litanyauka upesi.»

Jumamosi alfajiri akalitikisa tena. Sasa lilisimama kama kijiti. Akanipa kisu.

«Kata hapa, juu ya majani mawili. Penye kila jani pana jicho. Yatatoka matawi mawili.»

Sikumsadiki, lakini nilifikiri juu ya Mama peke yake kitandani, nikakata. Mkono ulitetemeka. Tulifunga bua kwa kitambaa chenye maji, Mjomba akaenda zake.

Kila asubuhi nilichungulia kile kisiki. Mwisho nikaona machipukizi mawili, madogo kama vichwa vya siafu. Yakawa matawi, na kila tawi likatoa ua. Nikakata na mengine, nikawapelekea jirani. Machache tu niliyaacha yakauke mpaka yawe ya kahawia, kwa ajili ya mbegu.

Mama alirudi mwezi wa Agosti. Alikuwa amekonda, alitembea kwa fimbo. Hakuingia nyumbani. Alisimama mlangoni akahesabu maua kwa kidole: 23.

Kisha akafungua fundo la kitambaa chake. Ndani lilikuwamo ua langu, limekauka, lakini wekundu haujaisha wote.

«Na hili,» akasema, «ni la 24.»