Sare Ambayo Hakuambiwa

Katika miaka ya 1980, shule nyingi za msingi kwenye miteremko ya Mlima Meru hazikuwa na geti. Zilikuwa na ua wa michongoma, mlingoti wa bendera na kengele ya kipande cha rimu ya gari, basi. Mtoto wa Poli au Nkoaranga alitoka nyumbani kungali giza, ufagio kwapani na kidumu cha maji mkononi, akaandamana na binamu zake katikati ya migomba na mibuni. Mama yake wakati huo yuko shambani anakata majani ya ng'ombe. Mzazi akionekana shuleni asubuhi, ujue ameitwa na mwalimu mkuu, na kabla jua halijazama kijiji kizima kimeshajua kosa la mwanawe.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa mmoja wa watoto hao. Wazazi wake walifika shuleni siku za msaragambo: wanaume wakisomba mawe na mchanga, wanawake wakipika makande. Makundi yalikuwepo hata wakati ule, wazee kivulini, vijana kwenye tofali, ukoo huu huku na ukoo ule kule. Lakini kila mtu alikuwa na mahali pake pa kukaa tangu azaliwe.

Alipohamia mjini na kumwandikisha kifungua mimba wake chekechea, mwaka 2011, akakutana na jambo ambalo mama yake hakuwahi kulipitia: kusimama getini kila mchana, kusubiri mtoto atolewe, akiwa katikati ya watu wasiomjua.

Mageti ya Arusha yametenganisha watu tangu zamani. Arusha School ilifunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Wazungu, na St. Constantine's ilianza kama shule ya watoto wa Wagiriki. Baada ya mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Arusha School ikabaki miongoni mwa shule chache za Serikali zilizofundisha kwa Kiingereza. Kisha Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikawafungulia mlango watu binafsi. Ilikuja wakati mwafaka kwa mji huu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikuwa ikiweka makao hapa, na Novemba 30, 1999 ukasainiwa hapahapa mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watumishi wakaja na watoto wao. Hoteli zikaongezeka, kampuni za utalii zikaongezeka, na kila mwenye kipato akataka mtoto wake aongee Kiingereza. Mabango ya "English Medium" yakaota kando ya barabara.

Shule aliyoichagua mwandishi ipo upande wa mashariki wa mji, ukiwa unaelekea Moshi. Getini pake palikuwa na ramani ambayo mgeni aliisoma kwa wiki moja akaimaliza. Ubavuni mwa magari walisimama akina mama wa maofisini, funguo vidoleni. Chini ya mjakaranda walikusanyika wake wa madereva wa utalii, ambao waume zao msimu wa wageni huonekana nyumbani kwa nadra, leo Serengeti kesho Ngorongoro. Jirani nao walikuwepo wake wa mabroka wa tanzanite, wenye vicheko vilivyosikika mpaka darasani, hasa wiki ambayo mawe yametoka Mirerani. Mbali kabisa, ukutani, walikaa madada wa kazi na mabibi.

Yeye alishuka kwenye kifodi akiwa na viatu vyenye vumbi, akasimama kati ya mjakaranda na ukuta. Alisalimia, akaitikiwa. "Mambo?" "Poa." Baada ya hapo migongo ikarudi mahali pake. Getini mzazi huitwa kwa jina la mtoto, na yeye kwa muda mrefu alikuwa "mama wa nani vile?"

Kilichomuuma zaidi kilitokea siku ya mahafali ya chekechea. Alishona gauni lake vizuri, akamvalisha mtoto joho na kofia ya kukodi, akafika mapema. Punde magari yakaanza kuingia, na wakateremka akina mama zaidi ya kumi, wote kwenye kitenge kimoja cha zambarau chenye maua ya dhahabu, kila mmoja na mshono wake. Wakapiga picha na mwalimu wa darasa. Mpiga picha, kijana asiyejua lolote, akamwambia kwa adabu: "Mama, samahani, sogea kidogo, tunamalizia wenye sare." Akasogea. Mtoto akamuuliza kwa nini yeye hana nguo ile, na jibu halikupatikana.

Siri ya kitenge hicho aliipata kwa dada wa kazi mmoja pale ukutani. Wale akina mama walikuwa wanacheza mchezo. Kila mwezi wanachanga, mmoja anapokea, na Jumapili ya kupokea wanakula kwa mwenye zamu. Sare ilikubaliwa hapo, juu ya pilau. Mchezo wenyewe ulikuwa na umri mkubwa kuliko urafiki wa getini: wengine waliimba kwaya moja, wengine waliwahi kupanga nyumba moja Kijenge, na wawili walikuwa mawifi.

Habari hiyo ilimbadilishia picha. Mchezo unaendeshwa kwa kuaminiana, hauna karatasi wala wakili. Mtu akipokea zamu ya mwanzo kisha akahama mji, hasara ni ya waliobaki. Ndiyo maana mgeni haingizwi bila mtu wa kumdhamini, na mtu wa kukudhamini humpati kwa kusimama karibu naye ukitabasamu. Kundi lile lilikuja getini likiwa limeshafungwa kwingine, na kumpuuza mtu hakukuwa kwenye ajenda yake. Maumivu hayakupungua sana kwa kujua hivyo, ila aliacha kununua viatu vipya kwa ajili ya saa nane mchana.

Mei 6, 2017, gari lililobeba watoto wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Walikuwa wakienda kufanya mtihani wa pamoja na shule nyingine. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku mbili baadaye majeneza yalipangwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akaongoza maombolezo. Karibu kila mtaa wa Arusha ulikuwa na msiba au ulimjua mwenye msiba.

Wiki ile getini ramani ilifutika. Mama wa ofisini alimshika mwandishi mkono na kumuuliza kama mwanawe hupanda gari la shule, na dereva wake ni nani. Wazazi walikagua matairi kwa mikono yao wenyewe. Likaundwa grupu la WhatsApp la kila darasa, ili gari likichelewa watu wajue liko wapi. Namba ya mwandishi ikaingizwa bila kuulizwa kama ana mdhamini.

Grupu halikukaa muda mrefu kama lilivyozaliwa. Kufikia mwaka uliofuata lilikuwa na michango ya bethidei, matangazo ya vitenge na maombi ya asubuhi. Halafu wachache wakaanzisha grupu lingine dogo pembeni. Mtu alilijua pale mmoja alipokosea na kutuma kwenye grupu kubwa picha za sherehe ambayo wengine hawakualikwa, akazifuta, lakini alama ya ujumbe uliofutwa ikabaki.

Kilicholivuruga kundi la mjakaranda ni mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, na za msingi zikafunguliwa Juni 29. Watoto walirudi, wageni wa mbugani hawakurudi. Madereva wa utalii, ambao getini walijulikana kwa sauti za simu tu, sasa walisimama wenyewe wakisubiri watoto, mikono mifukoni. Baadhi waliuza magari yao, baadhi waliwahamishia watoto shule za Serikali. Mmoja wa akina mama wa kitenge cha zambarau akaanza kufuga kuku wa mayai. Akawa anakuja na trei kwenye buti, akizunguka kila kona ya geti, ukutani pia. "Mama, trei moja tu, ukikosa hela leo utanipa Ijumaa."

Mwandishi akachukua kwa mkopo, akalipa Ijumaa. Akachukua tena. Miezi kadhaa baadaye, mama wa mayai akamwambia kuwa mchezo umepungukiwa watu wawili, na yeye yuko tayari kumdhamini.

Mwaka 2023 Serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, na sura mpya zikamiminika getini, zikiwemo za akina baba. Kitinda mimba wa mwandishi yuko hapo sasa. Mahafali ya mwisho yalipokaribia, hoja ya kitenge ikaletwa kwenye mchezo, na safari hii yeye alikuwepo. Akapendekeza rangi badala ya kitambaa: kila mtu avae bluu aliyonayo, na tangazo litumwe kwenye grupu kubwa. Wawili walinuna, hoja ikapita.

Ikabaki kumwambia bibi mmoja wa Akheri anayelea wajukuu na hana simu ya WhatsApp. Ujumbe ulipelekwa na kijana wa bodaboda anayemletea mtoto. Bibi akajibu kwamba kanga ya bluu anayo, lakini mahafali yenyewe ni Jumamosi, Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, na ndizi zake hazingoji hotuba ya mgeni rasmi. Waanze saa mbili kamili, la sivyo watamkosa.